Jangwa Si Dawa ya Pua

Katika nyanda za Gusii, kuanzia Ikonge na Ekerenyo hadi Keroka na Kisii mjini, kuna imani ambayo ni nadra kuisikia ikipingwa: kwamba mafua yasiyokwisha, pua inayoziba kila alfajiri, chafya za mfululizo na yale maumivu ya paji la uso ambayo siku hizi kila mtu huyaita sainasi, yote ni kazi ya baridi. Imani hiyo imezaa ushauri wake. Mwenye pua sugu huambiwa atafute penye joto kavu. Mwalimu aliyepangiwa kazi Garissa au Lodwar hupewa pole kwa umbali na pongezi kwa ajili ya kifua chake. Binti anayekwenda Saudi Arabia au Qatar kufanya kazi za nyumbani husindikizwa kwa maneno hayo hayo: huko hakuna baridi, aleji itaisha yenyewe. Nasema ushauri huo ni wa makosa, na madhara yake ni mawili. Unampeleka mgonjwa jangwani bila maandalizi, akiamini kwamba hewa itamtibu, na unamwacha aliyebaki nyumbani akipigana na baridi huku kinachomuumiza kikilala naye kitandani. Pua huugua kutokana na kinachoingia ndani yake na jinsi mwili unavyokipokea. Jangwa hubadilisha orodha ya vitu hivyo, haliifuti.

Tuanze kwa kuitendea haki imani yenyewe, kwa maana ina mahali ilipotoka. Kaunti ya Nyamira hupata mvua ya kati ya milimita 1,200 na 2,100 kwa mwaka, na miezi mikavu kabisa ni michache. Ndiyo maana chai imestawi Kebirigo, Tombe, Sanganyi na Nyansiongo. Mchuma chai huingia shambani majani yakiwa bado na umande na ukungu ukiwa umelala mabondeni, na mwenye aleji huanza kupiga chafya saa hiyo hiyo, baridi ikiwa kali. Mambo mawili yanayokuja pamoja kila siku hudhaniwa kwa urahisi kuwa moja ni mzazi wa lingine. Lakini alfajiri ina mengi zaidi ya baridi. Mgonjwa amekwisha kulala kwa muda wa saa saba au nane, uso wake ukiwa juu ya mto na godoro lenye utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Dirisha limefungwa usiku kucha. Kuni zimewashwa jikoni kwa ajili ya chai, na moshi umeanza kupenya vyumbani. Kuitaja baridi peke yake ni kumfunga mshtakiwa mmoja kati ya wanne kabla kesi za wengine watatu hazijasikilizwa.

Historia ya maradhi haya inaonyesha jinsi hukumu ya namna hiyo inavyopotosha. Mwaka 1819 daktari John Bostock aliwasomea wataalamu wenzake wa London maelezo ya ugonjwa uliomsumbua yeye mwenyewe tangu utotoni: macho kuwasha, pua kutiririka na chafya zisizohesabika, kila mwaka majira ya joto yanapofika. Bostock alilaumu joto na jua. Kwa maneno mengine, Mwingereza mwenye dalili zile zile zinazodaiwa kuletwa na baridi kule Ikonge aliona kwamba adui yake ni joto. Karibu nusu karne baadaye Charles Blackley, tabibu wa Manchester aliyekuwa na ugonjwa huo huo, alifanya jambo ambalo Bostock hakulifanya. Alikusanya chavua ya nyasi, akaitia puani mwake mwenyewe wakati wa mwaka ambao ugonjwa haumjii, na dalili zikamjia zote. Alichapisha kitabu cha majaribio yake mwaka 1873. Joto lilikuwa limesingiziwa, kwa kuwa lilikuja msimu mmoja na nyasi zinazotoa chavua. Ukiona watu wa nchi mbili wakitaja chanzo cha ugonjwa mmoja, hawa joto na wale baridi, ni busara kuwashuku walaumu wote wawili na kutafuta kitu cha tatu.

Ushahidi wa pili unatoka Leiden, mji wa Uholanzi wenye unyevu na ubaridi ambao mtu wa Gusii angeutambua upesi. Katika miaka ya 1920 daktari Willem Storm van Leeuwen aliwaona wagonjwa wa pumu waliopata nafuu kila walipokwenda milimani. Badala ya kuwahamisha wote, alijenga vyumba maalumu mle mle Leiden, akaviingizia hewa safi iliyochujwa, na kuvinyima vumbi na kuvu. Wengi wa wagonjwa wake walipata nafuu wakiwa katika mji ule ule uliokuwa ukiwaumiza. Baridi ya Uholanzi ilikuwa pale pale nje ya ukuta. Kilichobadilika ni hewa waliyoivuta usiku. Ilipofika mwaka 1964, watafiti wa mji huo huo wa Leiden walionyesha kwamba kiini cha vumbi la nyumbani linaloleta mzio ni utitiri, na baadaye ikabainika kuwa ni hasa kinyesi chake, ambacho hupeperuka mtu anapojigeuza kitandani au anapotandika shuka. Utitiri huo hula magamba madogo ya ngozi yetu na hunywa unyevu wa hewa. Nyumba yenye unyevu, yenye godoro la zamani na blanketi nzito, ni makao yake popote duniani, kwenye baridi na kwenye joto.

Kenya nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliowalinganisha watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a. Watoto walikimbizwa, kisha ikapimwa jinsi njia zao za hewa zilivyobana. Asilimia 22.9 ya watoto wa mjini walibanwa, dhidi ya asilimia 13.2 ya wale wa kijijini. Nairobi na Murang'a zote ni za nyanda za juu, na zote zina baridi yake. Kama baridi ingekuwa ndiyo chanzo, tofauti kubwa hivyo ingekuwa vigumu kuielezea. Najua kwamba kipimo hicho kilihusu kifua, wala si pua. Lakini pua na kifua ni njia moja ya hewa. Sehemu kubwa ya wenye pumu wana mzio wa pua pia, na pua isiyotibiwa huisumbua pumu yenyewe. Kilichowatofautisha watoto hao kinapaswa kutafutwa katika maisha yao: nyumba, magari, moshi, vumbi la barabarani, chakula na maambukizi ya utotoni. Kipimajoto hakitoi jibu.

Sasa tuingie katika nyumba ya Ikonge na tuulize imani ya baridi inaifanyia nini. Kwa hofu ya baridi, dirisha la chumba cha watoto halifunguliwi, na pengine limezibwa kwa gunia. Watoto hulazwa karibu na jiko la kuni, kwa sababu kuna joto. Zaidi ya nusu ya kaya za Kenya bado hupika kwa kuni, na vijijini ni nyingi kupita hapo. Blanketi nzito hupangwa tatu tatu na hufuliwa mara chache, kwa kuwa hazikauki upesi mvua inaponyesha kila alasiri. Mahindi yaliyovunwa kabla hayajakauka vizuri huletwa ndani yasinyeshewe, na kuvu huota juu yake. Kila moja ya hatua hizi imechukuliwa kwa upendo, na kila moja inamlisha adui halisi: moshi huchubua utando wa pua, utitiri huzaana katika matandiko, mbegu za kuvu huelea katika hewa isiyotoka. Mtoto akizidi kupiga chafya, mzazi huongeza blanketi na kuziba tundu lililobaki. Kosa la nadharia linakuwa kosa la malezi. Mchonga mawe wa Tabaka anayekohoa vumbi la mawe ya sabuni, naye akiambiwa kuwa amepigwa na baridi, atanunua sweta na kuendelea kuchonga bila kufunika pua.

Siwezi kudai kwamba baridi haina lolote, na yeyote atakayeusoma uchunguzi wa miaka ya karibuni atanisuta nikidai hivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha, kwa kutumia seli za panya, kwamba kirusi cha kawaida cha mafua huzaana vizuri zaidi katika nyuzi joto za pua iliyopoa, karibu 33, kuliko katika nyuzi 37 za ndani ya mwili, kwa sababu ulinzi wa seli hudhoofika zikipoa. Pia wako watu ambao pua zao hutiririka kila hewa baridi inapowagusa ingawa hawana mzio wowote. Hayo ni kweli. Lakini tazama yanatuachia nini. Baridi inaweza kumsaidia kirusi aliyekwisha kuingia, na inaweza kuichokoza pua iliyo nyepesi kuchokozeka. Haimleti kirusi, huletwa na mtu mwingine, na hupitia kwa urahisi zaidi tunapojifungia chumba kimoja. Wala haielezi pua inayoziba mwaka mzima, Januari kwenye jua na Julai kwenye manyunyu. Mafua ya virusi huisha kwa wiki moja au siku kumi. Uvimbe wa sainasi unaodumu zaidi ya wiki 12 madaktari huuita sugu, na ugonjwa wa namna hiyo hauelezwi na sweta iliyosahauliwa nyumbani.

Tuje jangwani. Pua ya mtu mzima hupitisha takriban lita 10,000 za hewa kwa siku, na kazi yake ni kuipasha joto na kuilowesha hewa hiyo, hata inapofika mapafuni iwe karibu na nyuzi 37 na imejaa unyevu. Ndani ya pua kuna utando wa ute, na chini ya ute kuna vinywele vidogo sana vinavyousukuma kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa. Hewa ikiwa na unyevu wa kutosha, kazi hii haionekani. Hewa ikiwa kavu kama ya mchana wa Lodwar au Riyadh, pua hulazimika kutoa maji yake mwenyewe kwa kila pumzi. Ute hukauka na kuwa mzito, vinywele hupungua kasi, maganda hujijenga, utando hupasuka na damu hutoka. Vijitundu ambavyo sainasi, yaani mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso, hutumia kumwaga uchafu wake ni vyembamba. Ute mzito huviziba, na kilichobaki ndani huwa mahali pazuri pa bakteria. Kwa hiyo mtu mwenye sainasi mbovu anaweza kutoka Nyamira akiwa na pua inayotiririka, afike jangwani ikome kutiririka, ashangilie, kisha baada ya wiki chache aumwe kichwa, apumulie mdomo na kutema damu asubuhi. Pua iliyokauka si pua iliyopona.

Zaidi ya ukavu, jangwa lina vitu vyake vya kuvuta puani. Chalbi, jangwa halisi la Kenya katika kaunti ya Marsabit, ni sakafu ya ziwa lililokauka, na vumbi lake lina chumvi. Upepo wa pande hizo ni mkali na wa kudumu kiasi kwamba karibu na Loiyangalani imejengwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Upepo unaozungusha mapanga hayo ndio huo huo unaobeba vumbi. Mimea nayo haijatuacha. Mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa na kutoa kuni, umetanda Baringo, Turkana, Garissa na Tana River, na chavua ya jamii yake inajulikana kuleta mzio India na katika nchi za Ghuba. Kuwait, ambako mtu angedhani hakuna hata jani, ina tatizo kubwa la mzio linalotokana na chavua ya salsola, magugu yanayostahimili chumvi na kiangazi. Ongeza dhoruba za mchanga zinazobeba mbegu za kuvu, viyoyozi visivyosafishwa vinavyorudisha vumbi lile lile chumbani, na ubani unaofukizwa katika nyumba iliyofungwa, upate picha kamili ya hewa atakayoivuta binti aliyeambiwa kwamba huko aleji itaisha yenyewe.

Anayetaka kujua safari ya namna hii huishia wapi na aitazame Arizona, jimbo la jangwa la Marekani. Tangu mwisho wa karne ya 19 madaktari waliwatuma huko wagonjwa wa kifua kikuu, na baadaye wenye pumu na aleji waliwafuata, kwa imani kwamba hewa kavu itawaponya. Mji wa Tucson ulikua kwa sehemu kutokana na wagonjwa hao. Lakini wahamiaji hawakupenda kuishi penye mchanga mtupu. Walipanda miforosadi na mizeituni kwa ajili ya kivuli, wakapanda nyasi za Bermuda katika bustani zao, nyasi ambazo kwa asili ni za Afrika na ndugu zake tunazikanyaga kando ya barabara zetu. Chavua ikajaa. Katikati ya miaka ya 1980 kaunti ya Pima, ambamo Tucson imo, ilipiga marufuku uuzaji wa miforosadi na mizeituni inayotoa chavua nyingi. Na udongo wenyewe wa jangwa lile una kuvu anayesababisha ugonjwa wa mapafu vumbi linapopeperushwa. Vizazi viwili tu vilitosha kuigeuza hospitali ya hewa safi kuwa mahali ambapo wenyeji huangalia kiwango cha chavua kabla ya kutoka nje.

Atasimama mtu aseme: lakini fulani alikwenda Garissa akiwa hoi na akarudi mzima. Simkanushi. Utitiri wa vumbi hufa pale unyevu wa hewa unapokuwa chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu, hivyo mtu ambaye adui wake ni utitiri pekee anaweza kupata nafuu ya kweli mahali pakavu. Ameacha pia nyuma moshi wa jikoni, ghala la mahindi na godoro la zamani. Ila nafuu hiyo ina masharti mawili ambayo husahauliwa. Kwanza, ni ya mtu mwenye mzio wa kitu fulani. Mwenye pua inayochokozwa na vumbi na ukavu, au mwenye vivimbe ndani ya pua, ataumia zaidi. Pili, mzio ni jambo ambalo mwili hujifunza, na kujifunza huchukua miaka. Watafiti wa Israel waliowafuatilia wahamiaji kutoka Ethiopia waliona pumu ikiongezeka kati yao kadiri walivyokaa katika nchi ile mpya. Anayefika leo haijui chavua ya mathenge; baada ya misimu kadhaa mwili wake unaweza kuijua sana. Tena, habari za aliyepona husafiri hadi Ikonge, zikasimuliwa sokoni na kanisani. Aliyezidiwa hunyamaza, kwa kuwa alikwenda kutafuta riziki na hapendi kuonekana ameshindwa.

Pingamizi lingine ni hili: kama jangwa ni baya kwa pua, mbona Mrendille, Mgabra, Mturkana na Msomali wanaishi humo vizazi na vizazi? Jibu liko katika mavazi na desturi zao. Watu wa majangwa, tangu Marsabit hadi Arabuni, hufunga vilemba na shela na kuvuta kitambaa juu ya pua upepo unapovuma, na kambi hujengwa kwa kuangalia upepo unakotoka. Hakuna mchungaji wa Chalbi anayefungua kifua kwa dhoruba ya vumbi akidhani anakunywa dawa. Wenyeji wanaijua hewa yao kuwa kitu cha kujikinga nacho. Ni sisi wa nyanda za juu tulioipa sifa ya uganga. Anayehamia huko angefanya vyema kuanza kwa kujifunza kutoka kwao, na leso moja iliyoloweshwa kidogo, ikafunika pua na mdomo, ni somo la kwanza.

Kutoka hapo mambo ya kufanya ni mepesi na ya bei ndogo, na yanafanana kwa aliye Wajir na aliye Doha. Pua isafishwe kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na kila baada ya vumbi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa hayafai, kwa sababu ameba adimu lakini wa kuua anaweza kupitia puani hadi kwenye ubongo. Mafuta kidogo ya kujipaka kwenye ukingo wa tundu la pua huzuia mpasuko. Kufagia vumbi kavu ni kulirusha hewani. Bora kupangusa kwa kitambaa kibichi. Kichujio cha kiyoyozi kioshwe mara kwa mara. Anayefanya usafi wa nyumba asichanganye jiki na dawa za choo zenye asidi, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza njia za hewa, na afungue dirisha kabla ya kuanza. Kama mzio umethibitika, dawa ya steroidi ya kupuliza puani ndiyo yenye nguvu kuliko zote za kawaida, lakini hutumiwa kila siku na huweza kuchukua hadi wiki mbili kuonyesha kazi yake yote. Wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifai. Vidonge vya setirizini au loratadini hutuliza chafya na mwasho bila usingizi mwingi. Piriton huleta usingizi, na dereva wa matatu au wa bodaboda anayeimeza asubuhi anahatarisha maisha zaidi ya moja.

Wapo watakaosema kwamba ushauri huu ni wa wenye pesa, na kwamba mtu wa kawaida atakwenda kwa kemisti achukue alichozoea. Tuhesabu basi gharama za mazoea hayo. Matone ya kuzibua pua yenye zailometazolini hufungua pua ndani ya dakika chache, lakini yakitumika zaidi ya siku tano hadi saba huifanya ivimbe zaidi kila dawa inapoisha nguvu, na mgonjwa huwa mtumwa wa kichupa. Amoksili hununuliwa kwa kila sainasi, ilhali nyingi za ghafla ni za virusi, ambavyo antibiotiki haivigusi. Kinachobaki ni pesa zilizopotea na bakteria waliofundishwa usugu. Mtu anaweza kurudia ununuzi huo mwezi baada ya mwezi, kisha akakopa nauli ya kuhamia mbali, kwa tatizo ambalo chumvi, maji ya kuchemsha, dirisha wazi na chupa moja ya dawa sahihi vingelipunguza. Bei kubwa kuliko zote ni ya kuchelewa. Uvimbe kuzunguka jicho, kuona kwa shida, homa kali yenye shingo kukakamaa, au upande mmoja tu wa pua unaoziba na kutoa damu kwa majuma, hizo si dalili za baridi wala za vumbi. Mwenye nazo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na kwa aliyebaki Ikonge, kazi iko nyumbani. Jikoni pajengwe dohani au paezuliwe upenyo wa kutolea moshi, na watoto wasilale humo. Dirisha lifunguliwe mchana hata kama nje kuna ubaridi. Blanketi humkinga mtoto na baridi, lakini hakuna blanketi linalomkinga na moshi. Godoro na mito vitolewe juani kila jua linapopatikana, shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, na mahindi yakaushwe vizuri na kuhifadhiwa nje ya chumba cha kulala. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba hadi nyumba wayaseme haya pamoja na habari za malaria na lishe. Wanaotoa mafunzo kwa wafanyakazi wa nyumbani kabla hawajapanda ndege kwenda Ghuba waongeze nusu saa ya kufundisha kuosha pua, kufunika uso na kutochanganya dawa za usafi. Waajiri wa walimu na watumishi wa umma wanaopelekwa kaskazini wawaambie ukweli kuhusu vumbi kabla ya safari.

Anayetaka kuhama kwa ajili ya kazi, biashara au ndoa na ahame kwa heri. Jangwa lina riziki zake na watu wake wakarimu. Ila asihame kwa ajili ya pua kabla hajajua pua yake inagombana na nini. Kwanza apimwe, kisha asafishe hewa ya nyumba anamolala, kisha atumie dawa kama ilivyoandikwa. Akifanya hayo matatu, Ikonge inakalika, na Garissa pia inakalika. Asipoyafanya, atabeba ugonjwa wake mpaka Riyadh na kurudi nao.